Jiki, siki na watu nisiowajua

Swali langu la kwanza kwa watu nisiowajua lilihusu udi. Tulikuwa na wiki tatu Leicester, Uingereza, mvua haikatiki, nyumba yanuka zulia la waliotutangulia, nami nikatia kaa la moto kwenye chetezo nikafukiza sebule kama nifanyavyo kila Alhamisi jioni. Kengele ya moshi iliyo kwenye dari ikaanza kupiga kelele. Mume wangu akapanda kiti, akawa anaipepea kwa taulo. Jirani wa kushoto, ambaye hadi siku hiyo hatukuwa tumepeana hata salamu, akaja kugonga mlango na ndara zake za chumbani kuuliza kama tu salama. Nikamwonyesha chetezo. Akakitazama, akanitazama, akasema haya, akarudi kwake.

Usiku ule nikaandika mtandaoni. Nikaanza kama nilivyofunzwa: hamjambo nyote, natumai mu wazima nyinyi na jamaa zenu, mimi ni mgeni hapa, kwetu ni Lamu, kisiwa cha kaskazini mwa pwani ya Kenya, nina watoto wawili. Swali lenyewe lilikuja mstari wa tisa. Jibu la kwanza lilikuwa fupi: "Sasa swali ni lipi?" Nikahisi kama mtu aliyebisha hodi akajibiwa kupitia dirishani.

Yaliyofuata yalikuwa ya kila aina. Mmoja aliuliza kama kweli ni udi au ni bangi. Wa pili akanishauri niifunike kengele kwa mfuko wa plastiki, na hapo wenziwe wakamrukia: kengele ya moshi haifunikwi hata kwa dakika tano, maana watu husahau kuifunua, na siku moto ukiwaka usiku haitawaamsha. Wa tatu, aliyeonekana kuujua udi vizuri, hakujali kengele kabisa. Aliniuliza makaa nayawasha wapi na madirisha yako vipi. Nikajibu yamefungwa yote, ni Novemba. Akasema hilo ndilo la kuogopa. Makaa ndani ya nyumba iliyozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kengele ya moshi haiijui. Hiyo ina kengele yake mbali. Nunua chetezo cha umeme, alisema, au ufukize dirisha likiwa wazi na makaa uyatoe nje.

Nilikaa na jibu hilo. Maisha yangu yote nimefukiza udi kwa makaa na hakuna aliyekufa. Lakini maisha yangu yote nimekaa kwenye nyumba yenye kiwanda katikati, yaani ua wa ndani usio na paa, na madirisha ya mbao yasiyo na kioo.

Kwetu Langoni, mtaa wa Lamu, swali halikuandikwa. Mama akitaka kujua jambo alimwita mtoto aliye karibu, na aghalabu alikuwa mimi: "Nenda kwa bibi wa nyumba ya pili, mwambie mama asema mchuzi wa kamba umemzidi chumvi, afanyeje?" Nami nilipita wikioni, kile chumba kilichojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, nikatokea kwa bibi bila mguu wangu kukanyaga njia. Wanaume chini walikuwa na baraza zao, na wanawake juu tulikuwa na wikio. Bibi hakuuliza chungu gani, kamba wangapi, wala nazi umeikamua mara ngapi. Alijua chungu, alijua mkono wa mama, alijua na baba apendavyo. Jibu lilirudi kinywani mwa mtoto yule yule, limepungua kidogo njiani.

Ndiyo maana nilikuwa muulizaji mbaya. Nilizoea kuuliza watu waliokwisha kuijua nyumba yetu.

Januari ukungu ukatokea. Niliujua kupitia kanzu ya mume wangu ya Ijumaa, niliyoitoa kabatini ikiwa na doa la kijani begani, na harufu ya kikapu kilichosahauliwa na ndizi ndani. Tukalivuta kabati. Ukuta wa nyuma ulikuwa umetapakaa vidoti vyeusi kama mtu aliyeurushia pilipili manga iliyotwangwa, vimejaa pembeni juu, vikipungua kadiri unavyoshuka. Mtoto mdogo alikuwa akikohoa tangu Krismasi, nami nikidhani ni baridi.

Safari hii sikusalimia. Niliandika: "Ukuta una ukungu mweusi, nifanyeje?" Ndani ya saa moja majibu yalipita thelathini. Fungua madirisha. Usifungue, utaingiza unyevu wa nje. Nunua mashine ya kunyonya unyevu. Paka rangi maalumu. Hama. Mshitaki mwenye nyumba. Na mmoja, kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa na jibu hilo mkononi, akaandika: changanya jiki na siki nusu kwa nusu, nyunyiza, acha usiku kucha, asubuhi ukuta mweupe.

Vyote viwili nilikuwa navyo chini ya sinki. Nilikuwa nishashuka ngazi kufuata chupa, simu mkononi, nilipoona mtu mwingine amejibu chini yake: usithubutu, jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma mapafu. Yule wa kwanza akamwambia yeye afanya hivyo miaka yote. Nikasimama jikoni kati ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja ninayemjua uso, na aliyeniambia nichanganye alikuwa ameandika kwa ujasiri kuliko aliyenizuia. Bibi wa wikioni angesema mojawapo ningejua mara moja nimshike nani. Hapa sikuwa na cha kushika, basi nikaigeuza chupa. Maandishi madogo ya nyuma yalisema isichanganywe na asidi yoyote. Siki ni asidi. Hilo nilifunzwa darasani miaka hiyo, na ndilo jambo pekee la kemia lililowahi kunifaa.

Tangu siku hiyo sifuati jibu la mtandaoni mpaka nipate shahidi asiyekuwemo kwenye ugomvi. Chupa inatosha.

Aliyetusaidia alikuja siku ya pili, mazungumzo yakiwa yamekwisha poa. Jina lake lilikuwa la ndege mmoja wa Kizungu na tarakimu mbili. Alisema alikuwa fundi wa ujenzi na sasa amestaafu. Sina njia ya kujua, na sikuona haja. Hakunipa jibu, alinipa maswali. Ukungu uko juu ya ukuta au chini? Umeacha mstari wa chumvi karibu na sakafu? Ukuta huo nyuma yake ni nje au ni chumba? Wangapi hulala humo? Nguo mnaanika wapi? Kabati limeachana na ukuta kiasi gani? Kisha la mwisho, ambalo sikulielewa: nenda nje utazame matofali, uniambie yamepangwaje.

Nikatoka na mwavuli. Nilisimama mvuani nikisoma ukuta wa nyumba yetu wenyewe, tofali kwa tofali, na jirani wa kushoto akaniona kupitia dirisha lake. Nadhani alishakata shauri juu yetu. Katika kila safu tofali lilionyesha ubavu mrefu, linalofuata likaonyesha kichwa kifupi, kisha refu, kisha fupi. Nikapiga picha nikamtumia.

Akajibu: basi ukuta wenu ni mzima. Yale mafupi ni matofali yaliyolazwa kukata ukuta toka nje hadi ndani. Nyumba nyingi za Uingereza za kabla ya miaka ya 1920 ziko hivyo, unene kama sentimita 23, bila ile nafasi ya hewa katikati ambayo nyumba za baadaye zinayo. Baridi ya nje inafika ndani. Hewa ya moto hubeba mvuke mwingi kuliko ya baridi. Mvuke wenu ukigusa ukuta huo hugeuka maji, na nyuma ya kabati lililobanwa ukutani hakuna upepo wa kuyakausha. Maji yangekuwa yanapanda kutoka ardhini, doa lingeanzia chini, lisingeshinda sana kimo cha mita moja, na ungeona chumvi. Lenu liko juu. Ni pumzi zenu.

Nilipomaliza kusoma nikageuka kukitazama chumba kama mgeni. Wanne tulilala humo, kwa sababu cha pili kilikuwa na baridi ya kaburi. Nguo za watoto zilitandikwa juu ya redieta, lile chuma la kupashia chumba joto, zafuka mvuke. Mlango wa jikoni haukufungwa hata nikipika pilau. Madirisha tuliyafunga tangu Oktoba tusipoteze joto la pesa. Hakuna hata moja la hayo nililokuwa nimeliandika kwenye swali langu, kwa kuwa machoni pangu hayo hayakuwa habari, yalikuwa maisha.

Mengine aliyotuambia yalikuwa madogo. Kabati tulisogeze, mkono upite. Dirisha liwe wazi dakika kumi kila asubuhi na tukishaoga. Joto liwe dogo la saa nyingi kuliko kubwa la saa moja. Ukungu usipanguswe mkavu, huruka ukapanda kwingine. Uloweshwe kwanza kwa dawa, glavu mkononi, dirisha wazi. Tununue na kipimo cha unyevu, kisaa kidogo tu: kikisoma kati ya asilimia 40 na 60 ni sawa. Chetu siku ya kwanza kilisoma 78.

Nguo akataka tuzianike bafuni, mlango umefungwa na feni yawaka. Tukafanya hivyo na kipimo hakikushuka. Mwenye nyumba tulikwisha mpigia simu, akasema ukungu ni namna mnavyoishi. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu nusu yake yalikuwa kweli. Nikamwandikia yule wa jina la ndege. Akasema chukua kipande kimoja cha karatasi ya choo, iwashe feni, kiweke mdomoni mwake ukiachie. Feni inayovuta hukishika.

Karatasi ilianguka polepole mpaka kwenye beseni. Nikaiokota, nikarudia mara tatu, mume wangu akirekodi. Feni ilikuwa yanguruma miaka yote bila kutoa hata pumzi moja nje. Tukampelekea mwenye nyumba ile video bila neno hata moja. Fundi alikuja baada ya siku tisa. Kufikia Machi kipimo kilikuwa kinasoma 58, na kikohozi kikaisha, ingawa huenda kiliisha kwa sababu jua lilitoka.

Mama nilimwonyesha ukuta kwa simu wakati bado mweusi. Hakushangaa. "Mwanangu, nyumba hiyo mumeiziba kama gudulia," alisema. "Nyumba yataka kupumua." Kisha akanikumbusha choo cha chini cha marehemu baba, kilichopigwa plasta ya saruji mafundi wa chokaa walipokuwa ghali. Kuta za Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama nusu mita. Hunywa unyevu na kuutoa. Saruji ikaufungia ndani, na haukupita muda mrefu rangi ikaanza kubanduka kwa mabamba, nyuma yake chumvi nyeupe. Nilikuwa nimelala karibu na ukuta ule utoto wangu wote. Nimevuka bahari kwenda kuambiwa na mtu wa jina la ndege nilichokiona kwetu.

Siku hizi nami hujibu maswali. Si mengi. Kuna wageni wanaohamia huku wanaouliza kengele ya moshi na udi, na hao nawajibu usiku huo huo. Lakini lililonifurahisha ni siku alipotokea mtu, Mkenya wa bara, akitaka kwenda Lamu kwa Maulidi ya Mfungo Sita, na hana mwenyeji. Nikavuta kiti. Nikamwandikia apande basi la asubuhi Mombasa, apite Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, barabara ikomee hapo, avuke kwa boti. Nikamwambia magari kisiwani asitegemee, mzigo mzito utabebwa na punda au kwa mkokoteni, na asimpe mtu begi kabla ya kupatana bei. Akitembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, akisikia sauti nyuma, ajibane ukutani bila kugeuka, ni punda huyo ana haraka. Nikamtajia na nauli ya boti kwa uhakika kamili.

Chini yake kijana mmoja akaandika: "Nauli hiyo ni ya zamani, dada. Uliondoka lini?"

Niliondoka 2013. Sikumjibu. Nilimtumia mama ujumbe wa sauti nikamwomba aniulizie nauli ya Mokowe. Mama havuki, hajavuka tangu Ramadhani, lakini anaye mjukuu. Akamtuma kwa bibi wa nyumba ya pili, ambaye siku hizi ni binti yake yule bibi wa kwanza, na mwanawe ni nahodha. Nahodha alikuwa baharini. Ikapita Alhamisi, ikapita Ijumaa. Jumamosi adhuhuri mama akanirudishia sauti, mna jogoo ndani yake na mtu akinadi samaki, bei mbili: ya mchana, na ya usiku.

Nikaziandika zote mbili, nikafuta ile yangu ya zamani, nikaomba radhi. Muulizaji akajibu baada ya dakika chache: "Asante dada, nishafika tangu jana. Niko gatini hapa. Nyumba ya kulala naitafuta upande gani?"