Ile Landi ya amortisa nne mbele

"Papa, hii ya pili ni ya akiba?"

Binti yangu alikuwa ananimulikia tochi chini ya pikapu ya mteja, akaona amortisa (shokamzoba) mbili zimesimama bega kwa bega kwenye gurudumu moja. Nikamwambia zote zinafanya kazi pamoja. Hakuridhika. Kama magari mengine yanatosheka na moja, hili lina shida gani? Swali zuri kuliko ya wenye magari wengi. Likanirudisha kwa ile Landi ya mzee wa Panzi, mtaa wa hapa Bukavu: Toyota Land Cruiser HZJ75 yenye resori (springi) za lame, yaani bapa za chuma zilizopangana, mbele na nyuma, iliyokuwa inapandisha simenti na mabati Mwenga na kurudi na mawese.

Asubuhi gari lile lilikuwa zuri. Likishakula saa nzima ya barabara ya mawimbi, pua inaanza kuogelea: shimo moja, linadunda mara tatu. Likilala usiku, kesho yake limepona. Ugonjwa wa namna hiyo unajitaja wenyewe. Resori ndiyo inayobeba uzito. Amortisa haibebi kitu. Kazi yake ni kuudaka mwendo wa resori na kuugeuza kuwa joto ndani ya mafuta. Mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi, hewa inachanganyika nayo yanatoa povu, na pistoni inapita bila kizuizi. Amortisa iliyokufa kabisa inadunda hata asubuhi. Hii ilikuwa inachoka, basi.

Garaji iliyotangulia ilikuwa imemfungia moja moja nene, ngumu sana. Hapo pua ikaacha kudunda, ikaanza kuzama. Amortisa ikiwa ngumu mno wakati wa kufunguka, resori haipati nafasi ya kurudi juu kabla ya wimbi linalofuata. Kila wimbi linaiacha chini kidogo, mpaka gari linatembelea mipira ya kikomo, ile inayozuia ekseli isigonge shasi. Mzee akadhani lame zimelegea, akaongeza lame. Kwa hiyo lilipotufikia lilikuwa gumu kama mkokoteni na bado pua haijatulia.

Tukatoa lame ya ziada. Tukabadilisha silenbloki (mipira ya ndani ya macho) za resori na za jumeli, zile pingu za mwisho wa resori, tukakaza brida, yaani bolti za U zinazobana resori kwenye ekseli, kwa sababu amortisa hata kumi haziponyi silenbloki zilizokwisha. Kisha tukakubaliana na mzee: mbili kila upande, za ugumu wa kawaida au chini yake, zigawane joto. Mbili ngumu zingemrudisha kule kule kwenye kuzama. Jambo lenyewe si geni. Ford za Marekani, F-150 na Bronco za miaka ya 1980, ziliweza kuagizwa nazo mbili kila gurudumu la mbele tangu kiwandani.

Kipimo ndicho kazi yenyewe, kuchomelea ni nusu saa. Unainua shasi kwa kriki mpaka magurudumu yananing'inia, unapima toka pale jicho la juu litakapokaa hadi la chini. Kwetu ilikuwa sentimita 52. Kisha unashusha na kukandamiza mpaka ekseli inagusa mpira wa kikomo, unapima tena: 35. Amortisa tuliyochagua ikifungwa yote ni 33, ikifunguka yote ni 54. Ile sentimita mbili ya kila upande usiiuze kwa bei yoyote. Gari likishuka, mpira wa kikomo ndio uguse kwanza. Amortisa ikigonga ndani mwake kabla ya hapo, inang'oa mshikio wake au inapinda fimbo.

Mshikio wa juu tuliukata kwenye bamba la milimita 6, masikio mawili ili bulo (bolti) ishikwe pande zote, si kuning'inia upande mmoja. Bulo ya milimita 12, daraja la 10.9. Chini tukaongeza sikio kwenye bamba la brida. Wakati wa kuchomelea, nyaya za betri zinatolewa zote, na kibanio cha masi (waya wa ethi) kinakaa karibu na pale unapochoma, umeme usije ukapita kwenye rulmani (beringi) za gurudumu. Bageti (fimbo za kuchomelea) 7018 za milimita 2.5, kavu, hewa ya Bukavu inazilowesha hata ndani ya pakiti, na bageti yenye unyevu inaacha ufa usiouona. Unachomelea ubavuni mwa shasi, na kingo za juu na za chini unaziacha, maana hizo ndizo zinazovutwa gari likipinda. Kabla ya kufunga, kila amortisa inasimamishwa wima na kupampiwa mara kadhaa hewa itoke. Bulo zenyewe zinakazwa mwisho gari likiwa chini kwa uzito wake. Ukizikaza gurudumu likining'inia, mipira ya macho ya amortisa inabaki imesokotwa siku zote na itachanika mapema.

Upande wa kulia zote mbili zilisimama karibu wima. Kushoto, boksi la usukani lilikuwa limekalia nafasi, na ile ya pili ikabidi ilale, kama nyuzi 40 toka wima. Mchomeleaji alisema itatosha. Mimi nilinyamaza, nikasubiri barabara iseme.

Tukapakia mifuko 20 ya simenti, tani moja kamili, tukashika barabara ya udongo ya kuelekea Nyangezi: shofere, mzee, na mimi katikati nikikumbatia fimbo ya vitesi (gia) kwa magoti. Pua haikuogelea. Mzee alikuwa anatabasamu kwenye kioo. Pale kwenye mawimbi mabaya zaidi nikamwambia shofere asimame, asizime moto.

Nikaingia chini. Vumbi jekundu limeganda kwenye kila kitu, lakini juu ya amortisa za kulia lilikuwa limekauka, linapukutika lenyewe. Nikaweka mgongo wa mkono, kamwe usiweke kiganja. Ya kwanza ya moto: hesabu mpaka mbili, ondoa mkono. Ya pili vile vile. Nikajiviringisha upande wa kushoto. Ya kwanza ilikuwa moto kuliko zote, sikumaliza hata kuhesabu moja. Ile iliyolala, nikaweka mkono, nikauacha. Vuguvugu. Vumbi lake bado lilikuwa na unyevu wa asubuhi. Nikakaa pale chini nikihamisha mkono toka hii kwenda ile, mafuta ya injini yakinidondokea sikioni, na juu nasikia wawili wale wanabishana. Shofere anasema hiyo inapigwa na upepo. Mzee anasema, "Muache, fundi, inatunza nguvu."

Amortisa haitunzi nguvu. Isiyopata moto haifanyi kazi, na mwenzake anaibebea. Ikilala nyuzi 30 inabakiza robo tatu ya kazi yake, ikilala 45 inabakiza nusu. Yetu ilikuwa kati ya hapo, na wakati huo huo kulia kuna mbili nzima. Gari la namna hiyo ukifunga breki kwenye mashimo linakuvuta bila kukuaga.

Tulirudi, tukakata mshikio wa kushoto, tukausogeza mbele ya boksi na kuhamisha sikio la chini lifuate. Ikafika kama nyuzi 20. Tukageuza usukani mpaka mwisho pande zote huku gurudumu likiwa juu, kisha likiwa chini, kuona kama mpira wa mafuta ya breki unaguswa. Ulikuwa unaguswa, tukaufungia kishikio kipya. Safari iliyofuata, mikono yangu ikaungua sawasawa kila upande.

Mzee alilipa, akasifu, akaondoka. Baada ya miezi akarudi na lame kuu ya kulia imekatika pale pale kwenye bulo ya kati. Kwake jibu lilikuwa wazi: amortisa zina nguvu mno, zimevunja resori. Nikamuuliza shofere anapakia mifuko mingapi siku hizi. Akamtazama mzee kwanza. Thelathini, akasema, na mawimbi anayapita bila kupunguza mwendo, kwani sasa hayasikiki.

Mimi naamini ni ile nusu tani ya ziada. Lakini asingepakia nusu tani ile kama pua ingekuwa bado inamwogopesha, na aliyemwondolea woga ni mimi, kwa bamba la milimita 6. Hilo sijalipatia jibu, na binti yangu sikumweleza.

Tulipomaliza kufunga lame mpya, mzee alizunguka nyuma ya gari, akainama, akaona kule bado iko moja moja. Akauliza bei.