Ukimwaga bakshishi ndo utahudumiwa vizuri? Mie sikubali

Kuna maneno nayasikia sana hapa mjini Zanzibar siku hizi, ati huduma mbovu kwenye mikahawa yetu ni kwa sababu sisi wenyeji hatutoi tipu, tungetoa kama wazungu tungehudumiwa kama wazungu. Mie hili sikubali hata kidogo.

Kwanza bakshishi unatoa ukishamaliza kula. Pweza umeshamsubiri saa nzima, juisi imeshakuja moto, sasa hiyo elfu kumi unayoiacha mezani itarekebisha nini? Labda ya kesho, na hiyo kesho mpaka urudi palepale umkute weita yuleyule na awe anakukumbuka. Mtalii leo yuko Mji Mkongwe, kesho kutwa yuko Nungwi au Paje, weita anajua fika hamuoni tena. Hata Marekani, ambako kuacha asilimia 15 mpaka 20 ya bili ni kama lazima, yuko profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Michael Lynn, kaichunguza hii kitu miaka na miaka, na alichokikuta ni kuwa ubora wa huduma na ukubwa wa tipu vinahusiana kidogo mno. Watu wengi wanatoa kwa mazoea tu, au kwa kuona haya. Na kule weita anaitegemea kweli, maana sheria ya shirikisho inamruhusu bosi amlipe dola 2.13 kwa saa, kima hicho hakijapanda tangu 1991, inayobaki itimizwe na tipu za wateja. Ndo tunataka tuilete huku hiyo?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Juzi tumekaa mkahawa mmoja Shangani, mie na mama na wadogo zangu, watu watano tumepewa menyu moja, kijana anapita na trei anaangalia juu ya vichwa vyetu, na meza ya pembeni wageni wawili wanabadilishiwa sahani, wanafutiwa meza, wanaulizwa kila mara kama wanataka kitu. Mama akamwita, "mwanangu, hebu tupatie maji ya kunywa." Akasema "nakuja mama" na hakuja. Yule kijana simlaumu sana, keshapiga hesabu meza ipi itamwachia kitu na ipi itamwachia ahsante. Hizo bakshishi nono za msimu ndo zimemfundisha, kwa hiyo huduma haikuongezeka pale, imetolewa meza yetu ikapelekwa meza ya jirani.

Halafu sehemu nyingi hela inaingia kwenye boksi la kaunta wanagawana baadae, mpishi na muosha vyombo wamo na ni haki yao kabisa, lakini ndo ujue ile elfu kumi yako inamfikia aliyekuhudumia ishakuwa ndogo. Ukilipa kwa kadi ndo basi tena, inategemea imani ya bosi. Na masika yakiingia, mvua hizo, wageni hawapo, mahoteli mengine ya pwani yanafunga kabisa, hiyo tipu itoke wapi na kodi ya nyumba inadaiwa vilevile?

Sasa nenda kwa muuza urojo wa mtaani kwenu jioni. Tipu haijulikani pale. Unamwambia "shikamoo bi mkubwa, nitilie na kachori, pilipili kidogo," anakutilia, anaongeza na bajia juu yake hujamuomba, chatne ya nazi anakumiminia mpaka bakuli linataka kumwagika. Anayetoa bakshishi pale ni muuzaji! Kwa sababu biashara yake, ukirudi kesho faida yake yeye. Weita wa mshahara mdogo ukirudi kesho faida ya bosi.

Mie bakshishi natoa, na namtia mtu mkononi mwenyewe kwa sababu kachoka na anastahiki, sitoi ili kesho anikimbilie. Ila wenye mikahawa mnaotuandikia sevisi chaji kwenye bili, tuambieni waziwazi inakwenda kwa nani, na kama kweli ni ya wafanyakazi basi itieni kwenye mshahara wao waijue mapema, masika na kiangazi.