Nukta 18 Kwenye Ramani

Saa 12:15 asubuhi nashuka kwenye daladala Mtumba, mashariki mwa jiji la Dodoma, vumbi likiwa limeshanitangulia. Kufikia saa 1:00 nimegawa kofia 18 kwa mafundi wa ujenzi, kila moja ikiwa na kifaa cha GPS kinachorekodi mahali na wakati kila baada ya sekunde 10, na nimeshasikia utani wa kila siku: "Shushushu kaingia." Baada ya hapo nachora kwenye ramani mipaka ya ghala, banda la nondo na sehemu ya zege, ili programu ihesabu kila kofia, inayoonekana kama nukta, imekaa wapi na kwa muda gani.

Saa 4:20 simu inaita. Msimamizi wa mradi, aliyeko ofisini mjini, anataka kujua kwa nini nukta tisa zimesongamana kwenye tangi la maji kwa dakika 40, siku ya kumwaga zege, na anadai majina ili watu wakatwe ujira. Naenda kwa miguu. Tangi ni kavu, mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, imezimwa, na mafundi wamekalia ndoo zilizopinduliwa, mmoja akikwangua zege lililogandia kwenye koleo. Nukta mbili zilizoonekana nje ya uzio ni vijana waliojibanza kivulini, kwani ukuta huakisi mawimbi ya setilaiti na kipimo hukosea kwa mita kadhaa.

"Bwana mdogo, andika na saa niliyoita boza la maji," fomeni ananiambia, akinionyesha ujumbe wa saa 2:10.

Nampigia msimamizi. Anauliza kwa nini wasifunge nondo wakati wanasubiri, swali ambalo, kusema kweli, si baya, ila waya wa kufungia umo stoo, na mtunza stoo ameondoka na ufunguo. Tunabishana mara tatu. Ramani inamwonyesha wapi na lini. Kwa nini, inabidi mtu aende akaone.

Boza linafika karibu na adhuhuri, na kuanzia hapo sikumbuki saa, kwa sababu zege la jamvi moja, yaani sakafu ya zege, halikatishwi katikati: la mwanzo likishaganda, jipya halishikani nalo vizuri. Giza linaingia nikiandika kwa mkono safu ya "sababu", ambayo programu haina.

Kofia zinarudi 17. Nukta ya 18 bado inawaka, imetulia kwenye kibanda cha mama lishe.