King'ora Kielekee Mwambani: Tulivyochagua Mahali pa Kukiweka Jambiani

Kamati yetu ya maafa ya shehia hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ilipoombwa kupendekeza mahali pa kusimamisha king'ora cha tahadhari ya tsunami, wengi walitaja uwanja wa jirani na ofisi ya sheha, kwa kuwa ni katikati na pana umeme. Nilipokabidhiwa kulichunguza jambo hilo, niliuliza kwanza ni nani asiyefikiwa na habari kwa njia nyengine. Aliye nyumbani ana redio na simu, na kipaza sauti cha msikiti humfikia. Lakini kina mama wa mwani na wachokoaji pweza, maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kupwa sana, yakipwa, huwa mbali mwambani, na wengi huacha simu nyumbani zisiharibiwe na maji ya chumvi.

Hao ndio niliowahofia zaidi. Tarehe 26 Disemba 2004, tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea karibu na Sumatra, mbali mno kwa sisi kuhisi mtikisiko wowote, na mawimbi yake yaliyochukua saa kadhaa kuvuka Bahari ya Hindi yaliua watu hata katika pwani ya Tanzania. Huambiwa kwamba bahari ikirudi nyuma ghafla watu wakimbie. Kwetu bahari hurudi nyuma kila siku, na aliyeinamia kamba za mwani anaweza asishuku lolote.

Niliomba tangazo lisomwe kwa kipaza sauti ufukweni nami nikiwa mwambani. Upepo wa kusi, unaotoka baharini kuja nchi kavu, uliififisha sauti mapema mno, kwa sababu sauti inayokwenda kinyume na upepo hupinda kuelekea juu na kumpita msikilizaji. Kaskazi nao hutujia kutoka upande wa bahari, kwa hiyo masafa ya kusikika kwa king'ora yanayotajwa kwa hali tulivu hayatufai.

Tukapendekeza ving'ora vidogo kadhaa kandokando ya ufukwe badala ya kimoja kikubwa, masafa yake yakiingiliana, vikiwa juu ya nguzo ndefu na kuelekezwa mwambani, pamoja na betri na sola zilizoinuliwa pasipofikiwa na maji. Mlio tuliomba usifanane na wito wowote wa kawaida kijijini. Majaribio nayo yafanywe maji yakiwa yamepwa, katika msimu wa kusi na wa kaskazi, na waulizwe kwanza walio mwambani kama wamesikia.