Mume Wangu, Niendee Dukani

Miezi saba sasa tangu turudi Lamu, baada ya miaka 12 Toronto. Kila anayenipigia simu huniuliza watoto wamezoea? Nawajibu kwa habari ya nazi.

Siku ya pili tu tangu tufike, mamangu alimwita mwanangu wa miaka 9. "Mume wangu, hebu niendee dukani uniletee nazi mbili. Zitikise kwanza, usikie maji." Akamtia noti mkononi. Mtoto akanitazama, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio. Kule hajawahi kwenda dukani peke yake hata siku moja. Tulikaa ghorofa ya 14. Ili acheze na mwenzake, ilibidi mimi na mamake huyo mwenzake tupatane wiki mbili kabla. Jumanne kuogelea, Alhamisi piano, Jumamosi darasa la hesabu ambalo wala hakulihitaji. Nililipia kwa sababu niliogopa asije akaachwa nyuma, na kila mzazi niliyemjua alikuwa na hofu hiyo hiyo.

Nilipofumbua mdomo, mamangu aliniwahi. "Huku Langoni kuna gari gani? Akikutana na punda atampisha."

Duka ni mwendo wa dakika tano. Alikaa dakika 40, nami nimeketi dakani sisemi na mtu. Akarudi na watoto watatu nisiowajua, mmoja amembebea nazi. Mamangu akazitikisa sikioni mwake, moja akaitia sikioni mwa mjukuu. Kimya, haina tone. Akamrudisha akaibadilishe. Safari hii alitoka mbio.

Jioni hiyo bintiyangu wa miaka 5, ambaye bibi yake humwita mke mwenza, alikalishwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kwa mara ya kwanza. Alikuna kifuu kimoja kwa nusu saa, ulimi nje, nazi nyingine imemwagika sakafuni. Hakuna aliyempigia makofi wala kumpiga picha. Bibi alizikusanya, akazitia maji, akazikamua kwenye kifumbu, tui zito kwanza kisha jepesi, na wali wa usiku ukapikwa kwa tui hilo. Chicha wakapewa kuku. Mtoto alikula akiutazama wali ule kama anaufahamu.

Kule niliubandika kwenye friji mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Tuligombana kwa ajili ya saa hiyo kila jioni, machozi yao na makelele yangu. Hapa tableti zipo kabatini, hazijafichwa, na huziomba siku za mvua. Sisemi kisiwa kina dawa. Simu zimejaa Lamu, na watoto wa jirani nawaona wamejikunja juu yake. Lakini wangu hutumwa asubuhi, hutumwa mchana, na kila wakitumwa hukutana na watu.

Linaloniuma ni masanduku. Tulikuja na sita, karibu nusu ni vitu vya kuchezea, maana niliona haya kutoka ng'ambo mikono mitupu. Wapwa wangu waliniomba simu, na sikuwalaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyewatumia picha za vitu miaka yote hiyo. Vingi vya vitu hivyo havijatoka sandukuni. Kinachogombaniwa nyumbani ni mashua iliyochongwa kwa ndara kuukuu, tanga lake kipande cha leso. Maji yakijaa hupelekwa ufukweni, na nguo hurudi zimelowa.

Jana nilimtuma nazi yule wa miaka 9, mimi mwenyewe. Alifika mlangoni akageuka. "Mama, kavu au koroma?"

Koroma, yaani nazi ambayo haijakomaa, neno hilo sikumfundisha mimi. Nikamwambia kavu, akatoka.