Miguu tunayo, kundi ndilo hatuna

Jumapili iliyopita mpwa wangu alianguka karibu na Lumino. Gurudumu lake la mbele liligusa langu la nyuma, kidogo tu, kama mtu anavyokupita bega sokoni, na papo hapo nikasikia chuma kikikwaruza lami. Nilipogeuka alikuwa amekaa kando ya barabara, kiwiko kinavuja damu, macho yako kwenye baiskeli. Neno lake la kwanza: "Mjomba, rimu imepinda?"

Rimu ilikuwa salama. Spoki mbili zilikatika.

Ana miaka 17 na anataka kuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa. Mimi ni fundi baiskeli hapa Busia, upande wa Uganda, na nguvu za miguu nazijua nikiziona. Anazo. Alijifunzia kwenye blakmamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya chuma, ya marehemu baba yangu, ileile aliyobebea abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Jina la boda boda lilizaliwa hapa hapa, miaka ya 1960, na lilizaliwa juu ya keria ya baiskeli, kabla ya hizi pikipiki. Kwa hiyo mtu akiniambia watoto wetu hawana asili ya baiskeli, simwelewi.

Tunachokosa ni kundi la kuendesha nalo. Nililielewa hilo Septemba 2025, nilipopanda basi hadi Kigali kuangalia mashindano ya dunia, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Nilisimama Kimihurura, pale wanapopanda kwenye barabara ya mawe. Kwanza helikopta, halafu pikipiki, halafu sauti ambayo sikuitegemea: cheni kwa makumi zikilia pamoja, na pumzi za watu. Viwiko vinagusana, gurudumu limekaribiana na gurudumu kiasi kwamba mkono wangu usingepita katikati, na hakuna aliyeonekana kuogopa. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda siku ile, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Lakini niliyorudi nayo nyumbani ni ile sauti.

Mpwa wangu huendesha peke yake. Peke yako upepo wote ni wako. Ukijibana nyuma ya mwenzako unaokoa nguvu, unazitunza mpaka kilomita za mwisho, lakini ni lazima mwili uzoee kuishi umbali wa kiganja kutoka kwenye tairi la mtu. Huwezi kulisoma hilo kwenye simu.

Ndiyo maana nimemsimulia sana miaka ya mwanzo ya Biniam Girmay, mwendesha baiskeli wa Eritrea, kuliko ile jezi ya kijani ya aliyekusanya pointi nyingi Tour de France 2024 ambayo kila mtu anaizungumzia. Girmay alizaliwa Asmara mwaka 2000, baba yake seremala. (Baba fundi! Hilo mpwa wangu alilipenda kuliko yote.) Eritrea mbio za baiskeli zimekuwapo tangu enzi za Waitaliano, na watu hutoka barabarani kushangilia kama sisi tunavyoenda mpirani. Kijana wa pale anakulia ndani ya kundi. Mwaka 2018 akapelekwa Aigle, Uswisi, kwenye kituo cha shirikisho la baiskeli la dunia, na mwaka huohuo, akiwa bado wa vijana, akashinda hatua ya mbio za Ubelgiji ambazo Remco Evenepoel, nyota wa Ubelgiji, naye alikuwamo.

Halafu kikaja kipande ambacho wasimulizi hukiruka. Timu yake ya kwanza ya kulipwa, Delko ya Ufaransa, iliishiwa pesa mwaka 2021. Umetoka Asmara, una miaka 21, na timu inakufia mikononi. Agosti akahamia Intermarché ya Ubelgiji. Septemba akashinda mbio za Besançon, Ufaransa, na mwezi huohuo, kule Leuven, Ubelgiji, akawa wa pili duniani kwa walio chini ya miaka 23. Miezi sita baadaye, Machi 2022, akashinda Gent–Wevelgem, mbio kubwa za siku moja za Ubelgiji, karibu kilomita 250, akiwapita wenzake watatu kwenye mita za mwisho. Ulaya nzima ilimtaka abaki kwa mbio za wiki iliyofuata. Akarudi Asmara kwa mkewe na binti yao mdogo, kama alivyokuwa amepanga. Mimi namheshimu kwa safari ile kama ninavyomheshimu kwa ushindi.

Uganda nasi tunaye Charles Kagimu, aliyetuwakilisha Olimpiki ya Paris 2024. Nataka wawe wengi, na sitaki kusubiri mtu wa kutoka Kampala aje na mpango.

Basi tumeanza na tulichonacho. Barabara ya Majanji ina lami nzuri na malori ni machache kuliko ile ya Jinja. Saa kumi na mbili asubuhi tunatoka, mmoja mbele kwa dakika mbili, anajitoa pembeni, anarudi mkiani, anayefuata anashika upepo. Mwezi wetu wa kwanza tulikuwa wawili. Sasa tuko wanne, na Jumapili hii anakuja wa tano, kijana anayesambaza maziwa kwa blakmamba isiyo na gia. Tutakwenda kwa mwendo wake.

Mama yake mpwa wangu aliniuliza, akimfunga kiwiko, kama nina hakika na jambo hili. Nilimwambia, "Dada, ataanguka tena." Alininyamazia muda mrefu, kisha akauliza kofia ya kujikinga ni bei gani.

Mpwa mwenyewe ameomba Jumapili akae nyuma yangu, palepale alipoangukia. Spoki nimeshabadilisha. Gurudumu bado linacheza kidogo upande wa kulia, nitalinyoosha kesho kabla wateja hawajafika.