Konda kagonga bodi mapema: nilivyopitia draiva ya virtio-net

Jumamosi nzima nimejifungia hapa Sinza napitia draiva ya mtandao (programu inayoongoza kadi ya mtandao) ya dogo mmoja tunapiga naye kazi, anajenga mfumo endeshi wake mdogo, unawaka ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, na kadi yake ya mtandao ni virtio-net. Yaani kadi yenyewe haipo, hakuna chuma wala waya, ni draiva ndani ya kompyuta pepe inapeana mizigo na hosti, yaani upande wa kompyuta halisi inayoendesha QEMU, kwenye memori wanayoisoma wote wawili.

Akaniandikia, "kaka kwenye laptopu yangu inapiga mzigo freshi tu, ila nikiipeleka kwenye kile kikompyuta cha ARM kuna muda pakiti zinatoka takataka tupu". Aisee hapo moyo ulishtuka, maana laptopu yake ni x86, aina nyingine ya prosesa kabisa na ARM.

Iko hivi. Draiva inajaza deskripta, kijikaratasi cha kuelezea mzigo, baiti 16 kila moja, ndani yake kuna anwani ya data, urefu, bendera na namba ya inayofuata, afu inaweka namba ya hiyo deskripta kwenye ringi, foleni ya duara, afu mwisho kabisa inapandisha idx, kaunta ya mizigo iliyowekwa. Hosti ikiona idx imepanda inachukua mzigo. Dogo kaandika kwa mpangilio huohuo, ukisoma toka juu kwenda chini huoni kosa, na mi mara ya kwanza nilipita kabisa.

Sasa chukua daladala la Mbagala. Konda akigonga bodi dereva anaondoa gari, hageuki nyuma kuangalia. Idx ndo kule kugonga. Prosesa ya ARM inaruhusiwa kufanya hosti ione idx mpya kabla ya deskripta yenyewe, kwa hiyo gari linaondoka mama bado ana mguu mmoja barabarani, na hosti inasoma anwani ya zamani. x86 haipindui maandishi yake hivyo, ndo maana kwenye laptopu hakuona kitu miezi yote hiyo! Dawa ni mstari mmoja kabla ya kupandisha idx, kizuizi cha kuandika, kinacholazimisha yaliyoandikwa kabla yake yaonekane kwanza, kwenye Linux wanakiita virtio_wmb. Na upande wa kupokea kuna cha kusoma, ukishaona idx ya hosti imesogea unakiweka ndo ufungue ringi. Dogo hakuwa na hata kimoja.

Kingine kilichoniuma, namba ya deskripta inayorudishwa na hosti anaitumia hivyohivyo bila kuipima. Akaniambia hosti ni yangu mwenyewe kaka. Leo sawa, kesho mtu ataiwasha kwenye mashine ya watu, namba moja mbovu na umeandika nje ya memori yako. Pima namba, pima na urefu, kila pakiti.

Afu idx ni biti 16, ikifika 65535 inarudi 0, yeye kalinganisha kwa "kubwa kuliko" badala ya "si sawa", ikizunguka tu mapokezi yanakufa. Kwa pingi (kapakiti ka kujaribu mtandao) moja kila sekunde ingemchukua kama saa 18 kuigundua, nani anakaa saa 18?

Usiku huu kaleta marekebisho, tumeyawasha kwenye ARM, pingi kumi kila sekunde. Sijapitisha bado, nataka niione inavuka 65536 kwa macho yangu. Kaunta iko 41,000 na kitu, naomba tu umeme usikatike.